Gari iko na ABS, sawa, lakini unashuka mteremko wa Ngomo na vitesi gani?

Mtu akinunua gari hapa Bukavu, kabla hujauliza kitu anakuambia iko na klimatizeri na iko na ABS, ile inayozuia pine kubloka (kukwama zisizunguke) ukikanyaga freni, na akishasema ABS anaona mambo ya freni yameisha. Mimi kazi yangu ni kuendesha, watu na mizigo, Bukavu–Kamanyola–Uvira na mara zingine upande wa Kavumu hadi Kalehe, gari zenye ABS na zisizo nayo, na vijana wenye permi mpya wananiuliza sana, yaya, kati ya ABS na shofere mzuri nani anasimamisha gari. Inategemea uko juu ya nini: gudroni kavu, gudroni yenye maji, matope, changarawe ao mteremko.

Kwanza tuelewe kile kitu kinafanya nini. Kwenye pine kuna kapteri ndogo inayopima pine inazunguka kwa mwendo gani. Ukikanyaga freni kwa nguvu na pine moja ikataka kubloka wakati gari bado inaenda, kompyuta inaona, inalegeza freni ya ile pine, inaibana tena, inalegeza tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ile ya umeme kwenye pine zote nne, Bosch na Mercedes waliitoa sokoni mwaka 1978, na mpaka leo kazi ni ile ile. Hakuna mguu wa binadamu unaweza hiyo, hata wa mzee aliyeendesha tangu enzi za Zaire, maana yeye ako na pedali moja na pine ziko nne, na kila pine inakanyaga pake: moja kwenye gudroni, ingine kwenye mchanga wa kando.

Sasa faida yake kubwa wengi hawaijui. Wanafikiri ABS inafupisha njia ya kusimama. Kwenye gudroni yenye maji mara nyingi kweli inafupisha, lakini kitu inakupa zaidi ni volani. Pine iliyobloka inateleza tu kule ilikuwa inaenda, unaweza kuzungusha volani mpaka mwisho na gari isigeuke. Pine inayozunguka bado inasikia volani. Kwa hiyo kwenye gari ya ABS, mtoto akitoka mbio barabarani, kanyaga freni moja kwa moja kwa nguvu yako yote, usiachie, na macho yako na mikono yako viende pale penye nafasi.

Na hapo ndipo napatana vibaya na wazee wetu, kwa heshima zote. Walitufundisha kupompa: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kwa gari isiyo na ABS ni sahihi kabisa, ndiyo njia ya kuzuia pine zisibloke, na kila shofere anapaswa kuijua. Lakini kwenye ABS kila ukiinua mguu unaipa gari njia ya bure. Kwenye 60 km/h gari inakula karibu mita 17 kila sekunde, ukiachia nusu sekunde tu zimeenda mita 8, na kwenye njia zetu za kuingia Kadutu hiyo mita 8 ina mama mwenye beseni ya ndizi, motari na watoto wa masomo.

Kitu kingine kinachowatoa watu mguu ni ile makelele. Siku moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha, nashuka na abiria, motari akakata mbele yangu bila kuangalia, nikakanyaga. Pedali ikaanza kunisukuma chini ya kiatu, taka-taka-taka, na chini ya gari kitu kinakoroma kama jiwe ndani ya mashini ya kusaga. Mama aliyekaa mbele akapiga kelele: "Papa shofere, gari inavunjika, tushushe!" Haivunjiki. Ile kutetemeka ndiyo ABS inafanya kazi yake, na shofere asiyeijua anashtuka, anainua mguu, anagonga. Nilibana mguu pale pale, nikavuta volani kidogo kushoto, motari akapita hata bila kujua.

Lakini tukitoka kwenye gudroni, mambo yanageuka. Kwenye changarawe ao udongo mlegevu, pine iliyobloka inachimba, inakusanya kamlima kadogo ka mawe mbele yake na hako kamlima kanasaidia kusimamisha gari. ABS haiachi pine ichimbe, kwa hiyo gari inaweza kwenda mbali zaidi kuliko ile isiyo nayo. Kuna vijana wanatoa fuzibo ya ABS sababu ya hiyo. Mimi sikubali, juu barabara zetu nyingi ziko na mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, na mita chache za kusimama hazina maana kama volani imekufa. Punguza mwendo, acha nafasi kubwa mbele yako, basi. Na penye mashimo mfululizo, pine inaruka hewani, inabloka kwa kuwa haigusi chini, kompyuta inafikiri unateleza na inalegeza freni, utasikia kama gari inakataa kusimama. Funga freni kabla ya mashimo, ukiingia ndani achia. Matope na pine kipara sina ya kusema mengi, hapo hakuna kompyuta wala shofere, nunua pine.

Ngomo sasa. Ule mteremko wa kwenda Kamanyola hauulizi kama una ABS. Freni inakufa kwa moto, siyo kwa kubloka. Weka vitesi ndogo kabla hujaanza kushuka, ya pili, na penye mkali zaidi hata ya kwanza, acha moteri ishike gari. Otomatiki weka 2 ao L, usishuke kwenye D mguu juu ya freni njia nzima, na usithubutu kuweka nyutro eti unachunga mafuta. Ukisikia harufu ya plaketi za freni kuungua ao pedali imeanza kulainika, tafuta pa kusimama kando, acha freni zipoe zenyewe, usimwage maji juu ya disiki. Na mafuta ya freni yanavuta maji kutoka hewani: DOT 3 mpya haichemki mpaka 205°C na zaidi, lakini ikishavuta maji inaweza kuchemka kwenye 140 hivi, na mafuta yakichemka pedali inashuka mpaka chini bila kushika kitu. Badilisha kila miaka 2, nani anafanya hiyo hapa kwetu? Wachache sana, na inaniuma maana kachupa ka mafuta si ka bei kubwa.

Halafu huko Munich, Ujerumani, miaka ya 1980, walifuatilia taksi zenye ABS na zisizo nayo. Ajali hazikupungua kama walivyotegemea, juu mashofere wenye ABS walianza kukimbia zaidi kwenye viraje na kukaribia gari za mbele. Hata hapa naiona, mtu ako nyuma yako mita mbili kwenye mvua, anajiamini.

Ukienda kununua gari ya okazyo, washa kontakte uangalie tablo: taa ya ABS inapaswa kuwaka kisha kuzima yenyewe. Isipowaka kabisa, uliza vizuri, kuna wanaotoa ile taa ili mnunuzi asione. Ikibaki inawaka, freni za kawaida kwa kawaida zipo lakini ABS imelala, mara nyingi ni kapteri imejaa matope ao waya umekatika, kwa hiyo mpaka fundi atengeneze wewe ni shofere wa kupompa. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya freni, usiendeshe, maana pine za nyuma zinaweza kubloka kwanza na gari ikazunguka.

Ukishajua gari yako, tafuta asubuhi mahali papana pasipo na watu, mvua ikiwa imelowesha chini, fika 40, hakikisha hakuna mtu nyuma, ukanyage mara moja kwa nguvu ili mguu uijue ile kutetemeka. Fanya na mke ao mtoto wako mwenye kuendesha ile gari pia.