Unaanza kazi chumba cha seva? Acha rimoti kwanza

Wiki yangu ya kwanza niliambiwa nije na sweta. Ilikuwa Februari ya Dar, jasho linakuanza kituoni kabla daladala haijafika, na mlinzi wa getini akinicheka na sweta langu mkononi. Ndani viyoyozi vimewekwa nyuzi 18. Nikadhani baridi ile ndiyo dalili ya kazi nzuri, kumbe tulikuwa tunalipia kupoza kuta.

Seva haijali chumba kikoje. Inajali hewa inayoivuta kwa mbele. ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, kinapendekeza hewa hiyo iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujashusha chochote, weka kipimajoto mbele ya raki, lile kabati la chuma linalobeba seva: chini, katikati, juu. Sisi tulipopima, chini tulikuta 19, juu 29. Raki ilikuwa na nafasi tupu, na hewa ya moto ya nyuma ilipenya humo ikarudi mbele kuvutwa upya. Tuliziba mapengo kwa maboksi mchana mmoja kujaribu (usiyaache humo, ni kuni zile), joto la juu likashuka, ndipo bosi akakubali kununua vibao vya chuma.

Jambo la pili sikulitegemea kabisa. Viyoyozi vyetu viwili vilikuwa vinagombana: kimoja kinakausha hewa, cha pili kinachemsha maji kuongeza unyevu. Chumba kimoja! Kila kimoja kilitii kihisi chake, na vihisi havikuwa vinasoma sawa. Katika mji wa pwani kama huu unalipa umeme kutengeneza unyevu? Tukavipa mipangilio ile ile, tukazima ule uchemshaji.

Feni nazo zitazame. Ukipunguza kasi ya feni kwa asilimia 20, umeme inaokula unashuka karibu nusu, maana nguvu hufuata kasi ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara tatu: 0.8 × 0.8 × 0.8. Ila ziba mapengo kwanza.

Utasikia sana habari za PUE. Ni umeme wote wa jengo ugawanye kwa ule unaofika kwenye mitambo ya kompyuta. Ukipata 2, kila uniti moja ya seva inasindikizwa na nyingine ya viyoyozi, UPS (betri za akiba umeme ukikatika) na taa. Linganisha Julai na Julai. Ukilinganisha Februari na Julai, utajisifia kazi iliyofanywa na upepo wa kusi.

Halafu kuna seva zisizo na kazi. PUE haizioni, kwa sababu kwake huo ni umeme uliotumika vizuri, na seva iliyokaa bure bado inakula umeme mwingi tu. Tulikuta moja imebandikwa karatasi: USIZIME. Tukauliza ofisi nzima. Aliyeibandika alishahamia Dodoma, na tulipompigia akauliza, "Hivi bado ipo?"