Kwa Nini Ng'ombe Huyapita Majani Marefu na Kukimbilia Bondeni?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafuga ng'ombe 14 kijijini kwetu, wilayani Nachingwea. Jirani na zizi langu kuna pori lenye nyasi zinazofika kiunoni, lakini kuanzia mwezi Agosti ng'ombe wangu huzipita bila kusimama, wakashuka bondeni kugombea majani mafupi. Ikifika Oktoba hujipenyeza kwenye mikorosho ya majirani, na mwaka jana nililipa fidia mara mbili. Isitoshe, mitamba mitano niliyoinunua kwa wafugaji waliohamia kutoka Usangu hutangatanga tu, ilhali ng'ombe wangu wa zamani wanajua pa kwenda. Je, huu ni ukaidi?
*Mfugaji, Nachingwea*

JIBU: Ndugu yetu, ng'ombe wako si wakaidi hata kidogo. Nyasi za miombo huchipua mvua zinapoanza, hukomaa kabla masika hayajaisha, na zikishatoa mbegu hurudisha sehemu kubwa ya virutubisho mizizini, hivi kwamba kinachosimama porini mwezi Agosti ni mabua matupu. Ng'ombe hayayeyushi mabua hayo kwa nguvu zake mwenyewe, bali hutegemea vijidudu wanaoishi katika tumbo lake la kwanza, na vijidudu hao nao wanahitaji protini ili wazaliane. Protini ya malisho inaposhuka chini ya asilimia 7 hivi ya uzito wake mkavu, kazi yao huzorota, mabua hukaa tumboni muda mrefu, na mnyama hukonda huku tumbo lake limejaa. Hilo ndilo wanalolikimbia.

Bondeni udongo bado una unyevu, na palipopita moto nyasi za kudumu huchipuza upya kwa akiba iliyobaki mizizini. Machipukizi hayo ni laini na yana protini nyingi kuliko mabua. Hata hivyo ufupi nao una kikomo, kwa kuwa ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Huzungusha ulimi kwenye fungu la majani, hulibana kwa meno ya chini, kisha huling'oa. Majani yakiwa mafupi mno ulimi hauna cha kushika.

Jipe asubuhi moja umfuate ng'ombe mmoja, ukiwa hatua chache nyuma yake. Utamwona ameinamisha kichwa akila nusu duara iliyo mbele ya miguu yake bila kusogea, kisha anapiga hatua moja na kuanza nusu duara nyingine. Akifika kwenye shungi la kijani kibichi lililoota kando ya kinyesi cha zamani, hunusa na kulipita, ingawa kwa macho yetu ndilo bora kuliko yote. Tonge likianza kuwa dogo, huinua kichwa na kutembea mbali kidogo. Uchaguzi huo wa tonge kwa tonge, ukijumlishwa kutwa nzima, ndio unaolipeleka kundi upande mmoja wa bonde na kuuacha mwingine.

Kumbuka pia kwamba ng'ombe hula kwa saa nane hivi kwa siku, na hula kwa bidii zaidi baada ya kupambazuka na kabla ya jua kuzama. Mchana wa jua kali hutafuta kivuli na kucheua. Anayefungua zizi saa nne asubuhi wakati wa kiangazi amewanyima saa zao bora, na kila kilomita ya kwenda mtoni na kurudi huwapunguzia muda mwingine.

Kuhusu mitamba yako, ng'ombe hukumbuka mahali alipokula vizuri, na ndama hujifunza malisho kwa kumfuata mama yake. Waliokulia kwingine hawalijui bonde lako wala mimea yake. Wachunge pamoja na majike wako wazee, usiwatenge, nao watajifunza.

Suala la mikorosho ndilo zito zaidi, na hapa majirani zako wana haki. Mabibo huanguka wakati uleule ambapo majani yamefikia ubovu wake wa mwisho. Ni matamu, yana maji, na ng'ombe aliyeyaonja mara moja atarudi palepale. Naye mwenye shamba hupoteza korosho iliyoning'inia kwenye bibo. Tena sukari nyingi ikiingia kwa ghafla katika tumbo la kwanza huzalisha asidi, na mnyama mwenye njaa anaweza kuugua vibaya. Fimbo peke yake haitakusaidia. Litenge fungu moja la bonde lisiguswe mpaka mwisho wa Septemba, ili Oktoba uwe na pa kuwapeleka. Walishe hapo kwanza, ndipo uwapitishe njia iliyo mbali na mashamba. Weka chumvi ya kulamba upande wa pili wa pori, kwa sababu ng'ombe huifuata na hula majani yaliyo kandokando yake. Na mwezi Aprili, nyasi zikiwa bado laini, kata na kukausha kiasi unachoweza. Palipoungua pia pape nafasi: machipukizi yakiliwa yangali machanga, mizizi huishiwa akiba na mwaka unaofuata nyasi huota kwa mashaka.

SWALI: Huku Newala ninafuga mbuzi. Je, nao huchagua malisho hivyohivyo?
*Msomaji, Newala*

JIBU: Huchagua, ila kwa mdomo tofauti. Mbuzi ana midomo myembamba inayomwezesha kuchuma jani moja moja kati ya miiba, na husimama kwa miguu ya nyuma kufikia matawi. Kwa hiyo kiangazi hupendelea vichaka, ambavyo majani yake hubaki na protini hata nyasi zikikauka. Wapeleke kwenye miteremko yenye vichaka, na wafike huko mapema kabla jua halijawa kali.