Kupanda majabali ya Masasi peke yako mwezi wa kumi

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupanda vilima vya mawe nyuma ya mtaa wenu hapo Masasi peke yako mwezi huu wa kumi, na kama chupa ya nusu lita inatosha. Kupanda unaweza. Hiyo chupa ndiyo inayonitia hofu.

Kwa mzunguko wa saa nne beba lita 3. Lita moja kati ya hizo itie vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Anza saa 12 asubuhi, uwe umeshuka kabla ya saa 5, maana jua likipanda jabali lenyewe linakurudishia joto na kivuli hakuna. Maji yakifika nusu, geuka, hata kama kilele unakiona.

Wengi huumia wakati wa kushuka. Mwamba wa pale hubanduka kwa magamba: gonga kwa kisigino kwanza, na ukisikia mlio kama wa kitu chenye uwazi ndani usikanyage. Changarawe juu ya jabali la mteremko huteleza vibaya. Usipande popote usipojua utashukaje. Kandambili ziache nyumbani.

Usitie mkono kwenye ufa usiouona ndani. Nyuki wakikuvamia, funika uso ukimbie, usiwapige. Ukiumwa na nyoka, vua pete na saa, usichanje wala kufunga kamba, tulia, piga simu wakupeleke Hospitali ya Mkomaindo hapo Masasi. Kwa hiyo kabla hujatoka, mwachie mtu njia utakayopita na saa ya kurudi, na akubali kuja na wenzake ukichelewa.