Mwalimu, wewe mwenyewe unapenda nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Najifunza Kirusi, herufi nimezimaliza na sentensi fupi nasoma. Kila nikiuliza kuhusu utamaduni wa Warusi, naambiwa baleti na riwaya nene. Wewe binafsi unapenda nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Baleti ni nzuri, ila hata ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia katuni: Yozhik v tumane, yaani Kalunguyeye Ukunguni, ya Yuri Norstein, ya mwaka 1975. Ni ya dakika 10 hivi. Kalunguyeye amebeba jamu ya rasiberi, anakwenda kwa rafiki yake dubu wanywe chai na kuhesabu nyota. Njiani anamwona farasi mweupe katikati ya ukungu, anashuka kumtazama, anapotea. Basi. Lakini uangalie ukungu wenyewe! Walitandaza karatasi nyembamba mno juu ya picha, wakawa wanaisogeza kidogo kidogo kuelekea kwenye kamera, ndiyo maana farasi yule anafifia huku unamtazama. Na msimulizi hana haraka. Hata wanaoanza huyadaka maneno yake.

Kwa waandishi, wangu ni Chekhov, aliyekuwa pia daktari. Soma Toska, hadithi ya mwaka 1886. Iona anaendesha gari la farasi Petersburg, theluji inamwangukia, mwanawe amefariki wiki hiyohiyo. Anajaribu kumweleza abiria mmoja, kisha wengine. Kila mtu ana haraka zake. Mwishowe anaingia zizini na kumsimulia farasi wake. Kurasa chache tu, na Chekhov hamlaumu mtu yeyote. Nikiifundisha, siwezi kuanza sarufi papo hapo.

Kwa picha, nampenda Savrasov: kunguru waliorudi baada ya baridi, viota juu ya miti iliyopinda, theluji chafu inayeyuka. Aliichora mwaka 1871, na iko katika jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow.

Wengi huniuliza kuhusu Pushkin, kwa kuwa babu wa mama yake, Abram Gannibal, alitoka Afrika. Nampenda sana, lakini mashairi yake yasubiri kwanza: mdundo wake hutausikia mpaka mkazo wa maneno ya Kirusi ukukae mdomoni.

Kwa hiyo anza na katuni. Mara ya kwanza itazame tu, bila maandishi ya tafsiri. Mara ya pili shika kalamu, andika kila kitenzi cha mwendo utakachokisikia: kwenda, kuingia, kutoka. Hivyo ndivyo vitakavyokusumbua miezi ijayo, na ni afadhali ukutane navyo kwanza kwa kalunguyeye.