Unakwenda Uturuki au Bulgaria? Zoeza Sikio Kwanza

Msomaji kaniandikia juzi: kapata ufadhili wa kusoma Edirne, anauliza anunue kitabu gani cha Kituruki. Nunua chochote, mdogo wangu. Vyote hufundisha Kituruki sanifu cha Istanbul, mtaani utasikia lahaja nyingine, na kazi yako itakuwa ya masikio.

Mimi nimeishi Edirne, pale mpakani na Bulgaria. Mama mwenye nyumba wangu alizaliwa Kardzhali, Bulgaria, akahamia Uturuki mwaka 1989 katika ule msafara wa Waturuki zaidi ya laki tatu walioihama Bulgaria. H ya mwanzo wa neno aliimeza: “hasta”, mgonjwa, kwake ni “asta”, “haber”, habari, ni “aber”. Na kila akikazia jambo, “be ya!” Nikaongea kama yeye. Mwalimu wangu akanicheka mbele ya darasa zima, eti naongea kama mchunga mbuzi. Sijamsamehe. Ila muhula haujaisha, hao hao waliocheka wakawa wananibeba sokoni niwapatanishie bei!

Siri yangu ni moja: usikariri maneno ya kila mkoa, shika kanuni ya sauti. Kule Trabzon na Rize, pwani ya Bahari Nyeusi ya Uturuki, k na g zikifuatwa na e au i husikika kama ch na j, na irabu za mwisho nazo hupinda. Ndiyo maana “geldim”, nimekuja, inakuwa “celdum”, c yao ikiwa j yetu. Ukishaijua, huhangaiki tena.

Kibulgaria ndicho kilichoniteka. Lahaja zake hugawanywa na mstari unaoanzia karibu na Nikopol, kwenye mto Danube, hadi jirani na Thessaloniki, Ugiriki. Mashariki maziwa ni “mlyako”, magharibi “mleko”. Lugha sanifu imefuata mashariki, na Sofia, mji mkuu, uko magharibi! Shuleni mtoto wa Sofia hufundishwa “nyama”, yaani hakuna, mtaani anasikia “nema”. (Kuambiwa “nyama” buchani nikiwa na njaa, niliona dunia ina utani.) Milima ya Rhodope nayo ina viambishi vitatu mwishoni mwa nomino: cha kilicho karibu nami, cha kilicho karibu nawe, na cha kilicho mbali. Wewe uliyekua na huyu, huyo, yule utavielewa kuliko Mwingereza yeyote.

Kwa hiyo vijana, acheni kuwadharau bibi wa vijijini. Kaa nao, kunywa chai yao, uliza tena na tena, sikiliza. Sikiliza! Ila kwenye mtihani, h zote ziandike.