Unataka mzinga wa viazi? Anza na mrija unaoenea kiganjani

Kila mgeni anayekuja kuniuliza habari za mzinga wa viazi, yaani bomba la kurushia viazi kwa hewa iliyobanwa, huanza na swali lilelile: kiazi kinafika umbali gani? Sijampata bado aliyeanza kwa kuuliza bomba hupasukaje. Siwacheki, maana hata mimi nilianza hivyohivyo, na karibu nimharibie ndugu yangu sikio.

Nilikuwa nimepata kipande cha bomba la plastiki, lile jeupe la maji liitwalo PVC, nikaziba upande mmoja kwa kifuniko na gundi ya mabomba. Gundi niliipaka jioni, asubuhi nikaona imekauka. Kwenye bomba kulikuwa kumechapwa namba ya presha, kubwa kweli, nami nikaisoma kama ruhusa. Nikafunga pampu ya baiskeli, ndugu yangu akawa anaangalia geji ya presha. Haikufika hata psi 40 (psi ni kipimo cha presha, ratili kwa kila inchi ya mraba). Kulisikika mlio kama wa mlango uliopigwa na upepo, kifuniko kikapita ubavuni mwa kichwa chake na kuacha alama ya duara kwenye ubao wa mlango. Tulikaa kimya muda mrefu. Halafu tukacheka kicheko cha watu walioogopa.

Makosa yalikuwa mawili na yote yalikuwa yangu. La gundi ni rahisi: kukauka kwa juu si kushika. Maelekezo ya saa za kusubiri huwa yameandikwa kwenye kopo, na kiungo kitakachobeba presha kinahitaji muda mrefu zaidi ya unaodhani. La pili ndilo lenye uzito. Ile namba iliyochapwa ni ya maji, tena maji ya baridi. Hupimwa joto likiwa nyuzi 23 za Selsiasi. Bomba la PVC likipata joto hulegea upesi, na kwenye nyuzi 60 hubakiwa na chini ya robo ya uwezo wake. Likiachwa juani miezi mingi hugeuka gumu na kavu. Siku likishindwa halichaniki kama mpira, linavunjika vipande vyenye ncha.

Lakini kwa nini maji yawe salama na hewa iwe hatari kwa presha ileile? Hapa ndipo wageni wengi hupotea, kwa hiyo nisikilize vizuri. Maji hayabanwi. Bomba lililojaa maji likipata ufa, tone linatoka, presha inaanguka, mambo yamekwisha. Hewa hubanwa kama springi, na springi haisahau. Lita 1 ya hewa iliyojazwa mpaka geji ikasoma psi 60 inaweka nishati ya jouli 400 hivi, yaani karibu sawa na mzigo wa kilo 40 ulioning'inizwa mita 1 juu ya mguu wako. Ukifungua valvu, nishati hiyo inakwenda kwenye kiazi. Bomba likipasuka, inakwenda kwenye vipande vya bomba. Ndiyo maana OSHA, idara ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, ilitoa tahadhari mwaka 1988 dhidi ya kutumia mabomba ya PVC yaliyo wazi kwa hewa iliyobanwa. Walikuwa wanasema na viwanda, lakini bomba halijui liko kiwandani au uani kwako.

Na ile mizinga ya kulipua gesi au dawa ya kunyunyizia? Simfundishi mtu, na sitaanza leo. Kwenye hewa una geji, unaona unakoelekea na unaweza kuacha. Kwenye moto huna geji.

Basi anza na mrija. Najua unaona kama nakurudisha chekechea, lakini kila nilichokuja kukielewa juu ya mizinga nilikiona kwanza kwenye mrija wa sentimita 1 upana wa ndani na urefu kama sentimita 15. Tafuta mgumu, ulionyooka, na ukiwezekana unaoonyesha ndani. Chonga kijiti kinachopita ndani yake bila kukwama, kisha kifunge mpini au fundo nene ili kisiweze kutokeza upande wa pili. Kata kiazi kibichi vipande vya unene wa sentimita 1. Kandamiza mdomo wa mrija juu ya kipande, zungusha kidogo, utoe. Kizibo kimekaa. Fanya hivyo na upande wa pili. Sasa una hewa iliyofungiwa kati ya viazi viwili.

Sukuma kizibo cha nyuma kwa kijiti, polepole. Mwanzoni ni rahisi, kama hakuna kitu. Halafu unahisi mkono unakataliwa. Hewa iliyokuwa na sentimita 15 ikibaki na 5, presha yake imekuwa mara 3. Ni ile kanuni aliyoichapisha Robert Boyle mwaka 1662, na hapa unaisoma kwa kidole gumba badala ya ubao. Kizibo cha mbele kinang'ang'ania, kinang'ang'ania, halafu paf! Kimeondoka, na mdomoni kunabaki harufu ya kiazi na ukungu mdogo. Kizuri zaidi, kile cha nyuma kimeshafika mbele na kuwa kizibo kipya. Unaongeza kimoja tu nyuma.

Cheza nacho wiki nzima, ila cheza na daftari. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kizibo kinene hushika zaidi, presha hupanda zaidi kabla hakijaachia; lakini kikizidi unene, nguvu yako inaliwa na msuguano na kinatoka kama kimechoka. Kiazi kilicholala kimekatwa usiku kucha hunyauka na kuvuja pembeni. Utasikia fss badala ya paf. Mdomo wa mrija ukiwa na kijino, kizibo kinakatwa vibaya na hewa inapenya hapohapo. Ulaini wa ukingo ule una faida kuliko kuongeza nguvu ya mkono, na jambo hilo lilinichukua viazi vingi kulikubali. Utaona pia kwamba kuelekeza mrija nyuzi 45, kama vitabu vinavyosema, hakukupi umbali mkubwa kuliko wote. Kizibo ni chepesi, hewa inakishika breki. Shusha kidogo upime.

Miwani ya kazi vaa tangu siku ya kwanza, wewe na anayetazama. Kizibo cha gramu 1 hakitakuvunja mfupa, lakini jicho halihitaji zaidi ya hapo. Usichungulie mdomo wa mrija uliogoma. Ukigoma, uelekeze chini, vuta kijiti nyuma, uanze upya.

Mrija ukishakuchosha, usikimbilie bomba. Nenda kwenye roketi ya chupa, ile inayoruka kwa maji yanayosukumwa nje na hewa iliyobanwa. Chukua chupa ya soda ya plastiki ya lita 2, maana imetengenezwa kubeba presha ya gesi. Ya maji matupu haikutengenezwa kwa kazi hiyo, iache. Jaza maji kama robo au theluthi, ziba kwa kizibo chenye valvu ya tairi, na pampu ikae mbali kwa mpira mrefu. Kifyatulio kivutwe kwa kamba. Mimi sipitishi psi 60 hata siku ambayo watoto wanapiga kelele niongeze. Chupa mpya naijaza maji mpaka juu kwanza, naipampu hivyo, naiangalia. Ikishindwa, itanilowesha tu. Chupa yenye mkwaruzo au sehemu iliyogeuka nyeupe naikata iwe faneli. Kwenye pua ya roketi usiweke chuma wala kitu kigumu.

Hapo utajifunza kutafuta mvujo, kazi ambayo kwenye mizinga mikubwa hula nusu ya muda wote. Sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo, paka kwenye kiungo, tazama mapovu. Povu moja dogo linalokua polepole hueleza zaidi ya geji.

Kama baada ya yote bado moyo uko kwenye mzinga wenyewe, si wewe wa kwanza. Katika Vita Kuu ya Pili meli za Uingereza zilifungwa mtambo ulioitwa Holman Projector, wa kurusha mabomu madogo kwa hewa iliyobanwa au mvuke, na mabaharia wakawa wanaufanyia mazoezi kwa viazi. Lakini kabla ya kununua chochote, soma sheria ya unakoishi. Kuna nchi zinazouhesabu mzinga wa namna hiyo kuwa silaha, hata kama unarusha mboga. Kisha tafuta mtu aliyekwisha kujenga, usimame nyuma yake mara kadhaa, na vifaa viwe vile vilivyoidhinishwa kwa hewa, vyenye valvu ya usalama inayopumua yenyewe presha ikizidi.

Halafu jambo dogo ambalo hakuna aliyeniambia: osha mrija siku hiyohiyo. Wanga wa kiazi ukikauka ni gundi kamili. Wangu wa kwanza niliuacha mezani usiku mmoja na kijiti kikiwa ndani. Asubuhi nilivuta, nikaloweka, nikavuta tena, mwishowe kijiti kikakatikia katikati. Upo kwenye droo hadi leo, na nusu ya kijiti chake ndani.