Maswali ya Wasomaji: Fimbo za Pool na Pembe za Ndovu

SWALI: Mteja ameniletea fimbo ya Kimarekani ambayo ile pete nyeupe ya nchani, chini ya ngozi inayogonga mpira, imepasuka. Ana bangili ya pembe ya ndovu aliyoachiwa na bibi yake, anataka niikate nimkerezee pete mpya. Kipande hakitafika hata gramu kumi, na nimesikia vipande vidogo vinaruhusiwa. Nifanye? (Fundi, Katwe)

JIBU: Usiiguse, fundi. Ni kweli pete ya milimita 13 kwa 25 ikishatobolewa hubaki na gramu nne hivi. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuwa na kiungo cha mnyama anayelindwa bila kibali, kiwe kizima, kiwe kipande, kiwe kimegeuzwa pambo. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka, adhabu inafika kifungo cha maisha au faini ya hadi shilingi bilioni 20. Hayo si maneno ya karatasini tu: Oktoba 2022 mahakama ya wanyamapori ya Kampala ilimfunga mtu maisha kwa kukutwa na vipande viwili vya pembe, kilo 9.55. Wewe ukiikata hiyo bangili, unga na vipande vinabaki karakanani kwako, na mwenye kuulizwa ni wewe.

Habari ya "vipande vidogo" imetoka Marekani. Kanuni ya huko ya mwaka 2016 inaruhusu kuuza kitu chenye pembe isiyofika gramu 200, tena kwa masharti, miongoni mwayo: kiwe kilitengenezwa kabla ya tarehe 6 Julai 2016, na pembe yenyewe iwe ilikuwa imeshaingia Marekani kabla ya tarehe 18 Januari 1990, siku ambayo marufuku ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, juu ya ndovu wa Afrika ilianza kufanya kazi. Ndiyo maana fimbo za mafundi wa huko wa miaka ya themanini na tisini bado zinaonekana sokoni. Kukereza pete mpya leo hakumo humo, na Katwe si Marekani.

Mwambie mteja apeleke habari za bangili kwa Mamlaka ya Wanyamapori, Kira Road, Kamwokya, kabla hajampa mtu mwingine yeyote. Isitoshe, bangili nyingi hazina unene wa kutoa milimita 14 unazohitaji kuanzia.

SWALI: Nitajuaje kama pete iliyomo kwenye fimbo ya zamani ni pembe, mfupa au plastiki? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Ng'oa ngozi, kisha sugua uso wa juu wa pete kwa msasa namba 1000 uliolowa, ukauke. Tazama kwa lenzi ya kukuza mara kumi, mwanga ukitokea ubavuni. Pembe ya ndovu huonyesha mistari myembamba inayokatana kama wavu. Karibu na gome la pembe mistari hiyo hupishana kwa pembe butu, kwa kawaida zaidi ya nyuzi 100. Mfupa hauna wavu: una vitobo na vijistari vyeusi, kama umenyunyiziwa pilipili manga. Plastiki haina kitu, au ina mistari iliyonyooka mno, sambamba kila mahali.

Kile kipimo cha sindano ya moto kiache. Kinaacha kovu, na pete ya seluloidi inaweza kukuwakia mkononi.

SWALI: Natumia pete za melamini, plastiki ngumu, badala ya pembe. Ulimi wa mti, ile ncha nyembamba inayoingia ndani ya pete, naukaza mpaka ugome. Tatu kati ya tano zimepasuka ndani ya mwezi mmoja. Je, pembe ingestahimili? (Fundi, Mbale)

JIBU: Isingestahimili. Pembe nayo hupasuka, tena kwa urahisi zaidi ikikauka au ikipata moto wa keekee. Sifa yake ilikuwa mlio na mng'ao. Upande wa mchezo ina dosari: ni nzito, na uzito kwenye ncha huusukuma mpira mweupe nje ya mstari unapoupiga ubavuni badala ya katikati. Fimbo za siku hizi zinapunguza uzito hapo makusudi.

Kwa maelezo yako, kosa liko kwenye ulimi wa mti. Unasema unaukaza "mpaka ugome". Hapo ulimi unagonga dari ya pete kabla bega la mti halijagusa, na ukizidi kuzungusha unaipanua pete kutoka ndani. Ukereze ulimi wa milimita 8, ukate hesi ya M8. Hesi ya mti ikimeguka, inyweshe supaglu nyepesi, iache ikauke, uipitishe tena. Urefu wa ulimi upungue nusu milimita kuliko kina cha tundu. Ukiizungusha pete kwa vidole viwili ifike begani bila koleo. Ikikataa, rudi kwenye hesi.

Halafu kuna hewa. Tundu halina mlango wa pili, kwa hiyo gundi inasukuma hewa ndani na hewa inasukuma pete. Chonga mfereji mwembamba kwa tupa ubavuni mwa ulimi, kutoka juu hadi begani. Tumia epoksi ya polepole, siyo ya dakika tano, na usirudi kwenye mashine kabla ya saa 24. Wengi wanaharakisha hapa, kisha wanalaumu melamini.

Unapokereza, kisu kiwe kikali, ukate sehemu mbili za kumi za milimita kila mara, ukianzia ukingo wa ngozi kuelekea mti. Ukienda kinyume ukingo unamegeka. Malizia kwa msasa 400, 600, 1000. Kama mteja anataka rangi ya pembe hasa, kuna resini ziitwazo Juma na Elforyn, zilizotengenezwa kuiga pembe. Kitani kilichoshindiliwa kwa resini kinavumilia mapigo vizuri, ila hunyonya chaki na kugeuka samawati. Kipake supaglu nyepesi kabla ya kung'arisha.

SWALI: Mipira ya baa yetu imegeuka manjano. Mzee mmoja anasema ni pembe halisi. (Msomaji, Arua)

JIBU: Ni resini ya fenoli au poliesta. Mipira ya pembe ilikuwa ghali hata miaka ya 1860, kampuni moja ya biliadi ya New York ikatangaza dola 10,000 kwa atakayepata mbadala, na seluloidi ya John Wesley Hyatt ilizaliwa humo. Ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu.

SWALI: Pembe ya ng'ombe wa Ankole inafaa kwenye fimbo? (Fundi, Mbarara)

JIBU: Kwa pete ya mbele, hapana. Ni laini, ina matabaka kama kucha, na mapigo huyaachanisha. Kwa kifuniko cha kitako na kwa kutia njumu, ni nzuri sana, na ile nyeusi yenye michirizi ya maziwa hakuna plastiki inayoifikia.

Tumia ncha, maana ndiyo iliyojaa. Huku chini ni tupu. Ikate, iache kivulini miezi kadhaa, kwa sababu pembe mbichi hupinda ikiwa imeshabandikwa kwenye fimbo. Kereza polepole na upumzike: ukisikia harufu ya nywele zilizoungua umeshaiharibu, itajikunja. Kifuniko kishike kwa parafujo pamoja na epoksi, kisha ziba nyuzi zilizokatwa kwa lakari ili zisinywe unyevu. Vaa barakoa, vumbi lake halifai mapafuni.

Kwenye risiti usiandike "pembe" peke yake. Kiswahili kinaziita za ng'ombe na za ndovu kwa neno hilo moja, na askari wa uwanja wa ndege wa Entebbe hatakuwa na lenzi mfukoni. Andika "pembe ya ng'ombe wa Ankole", pamoja na jina la uliyeinunua kwake na tarehe.